Jinsi ya kumpima kwotabeki na kocha anayeita mbinu katika futiboli ya Marekani

Msimu wa 2013 kwotabeki Peyton Manning alirusha tachidauni 55 (pasi zilizofikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) akiwa na Denver Broncos, halafu timu yake ikafungwa kwenye Super Bowl, fainali ya ligi ya NFL. Msimu wa 2015 alirusha tachidauni 9 tu, pasi zake 17 zikanaswa na wapinzani, akafikia kuwekwa benchi, na Februari 2016 akanyanyua kombe la Super Bowl ya 50. Safari hii ulinzi ulimbeba. Ukimpima kwotabeki kwa ushindi, itabidi useme Manning wa 2015 alikuwa bora kuliko wa 2013, na hakuna mtu anayefuatilia mchezo huu atakayekubali hilo.

Tatizo ni kwamba jaribio moja la mpira lina watu 11 wa upande mmoja, kocha anayempa kwotabeki mbinu kwa redio, na ulinzi unaojaribu kuwadanganya wote. Televisheni inakuonyesha mmoja wao. Mwongozo huu unaeleza namna ya kugawa lawama na sifa kwa kila jaribio, kisha kuzijumlisha mpaka upate hukumu unayoweza kuitetea mbele ya mtu anayeujua mchezo.

Maneno kwanza

Timu ina majaribio manne ya kusonga yadi 10. Ikizipata, inaanza upya na majaribio mengine manne. Kila jaribio lina mbinu yake iliyopangwa: nani anakimbia wapi, nani anazuia nani. Kwotabeki anapokea mpira kutoka kwa senta, kisha anaukabidhi kwa mkimbiaji, anautupa kwa mpokeaji au anakimbia nao mwenyewe. Wazuiaji watano wa mbele, senta akiwa katikati yao, wanamlinda. Nafasi wanayomtengenezea tutaiita poketi. Akikamatwa na mpira mkononi kabla hajatupa, ameangushwa. Taiti-endi ni mchezaji anayezuia na kupokea pia. Upande wa ulinzi, wa kuwaangalia zaidi ni mabeki wa nyuma wawili wanaosimama mbali kabisa katikati ya uwanja, na mabeki wa kati wanaosimama nyuma ya safu ya mbele.

Vifaa

Picha ya kawaida ya televisheni haitoshi. Kamera inamfuata mwenye mpira, kwa hiyo wapokeaji wakishapita yadi 15 hivi wanatoka kwenye skrini, na hao ndio unaotaka kujua kama walikuwa wazi. Tafuta picha inayoitwa All-22, inayoonyesha wachezaji wote 22 kutoka juu pembeni na kutoka nyuma ya eneo la mwisho. Ligi yenyewe inaiuza kupitia kifurushi cha juu cha huduma yake ya NFL+, ingawa huduma za ligi zinatofautiana nchi hadi nchi. Ya pembeni ni ya kusoma mikimbio ya wapokeaji. Ya nyuma ni ya kusoma wazuiaji na macho ya kwotabeki.

Kama uko Afrika Mashariki, mechi za mchana wa Jumapili huanza saa mbili usiku msimu unapoanza, na saa tatu usiku baada ya Wamarekani kurudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba. Mechi ya usiku wa kule huanza kwako saa tisa na dakika 20 usiku, baadaye saa kumi na dakika 20 alfajiri. Hakuna sababu ya kufanya tathmini saa hizo. Tazama mechi kwa raha yako, kisha fanya kazi ya jedwali siku mbili baadaye ukiwa na usingizi wa kutosha na kitufe cha kurudisha nyuma.

Data ya bure ipo. Mradi wa nflfastR una kumbukumbu za kila jaribio tangu msimu wa 1999, na tovuti ya Pro Football Reference ina takwimu za mechi na misimu. Zaidi ya hapo unahitaji jedwali la kompyuta na saa ya kupimia sekunde.

Hatua ya 1: Tengeneza jedwali

Mechi moja ina majaribio kama 60 hadi 65 ya kushambulia, na kati yake 30 hadi 40 kwotabeki anarudi nyuma akitaka kutupa. Kila jaribio lipewe mstari mmoja wenye safu hizi: robo na muda uliobaki, jaribio la ngapi na yadi ngapi zinahitajika, mpira uko yadi ya ngapi, tofauti ya pointi, wachezaji waliopo uwanjani, mabeki wa nyuma kabla na baada ya mpira kuanza, kama kulikuwa na mchezaji aliyetembea kabla ya mpira kuanza, aina ya mbinu, sekunde hadi mpira kutoka mkononi, kulikuwa na shinikizo (kwotabeki alibanwa na ulinzi) au la, uamuzi, ubora wa pasi, matokeo, na mwisho, mwenye sifa au lawama.

Wachezaji waliopo huandikwa kwa tarakimu mbili. Ya kwanza ni idadi ya wakimbiaji, ya pili ni idadi ya taiti-endi, wanaobaki kufika watano ni wapokeaji. Kwa hiyo 11 ni mkimbiaji mmoja, taiti-endi mmoja na wapokeaji watatu. 12 ni mkimbiaji mmoja, taiti-endi wawili na wapokeaji wawili.

Uamuzi na ubora wa pasi vipewe alama tofauti: -1, 0 au +1. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuvichanganya. Kwotabeki anaweza kuchagua mtu sahihi akatupa vibaya, au kuchagua mtu aliyezungukwa na mabeki watatu akatupa mpira mzuri ajabu ukapokewa. Wa kwanza anapata +1 ya uamuzi na -1 ya pasi. Wa pili ni kinyume chake, hata kama uwanja mzima unashangilia.

Jaza safu ya uamuzi kabla hujaangalia matokeo. Simamisha picha pale mkono unapoanza kwenda mbele, andika alama yako, ndipo uendelee. Bila nidhamu hiyo, kila pasi iliyopokewa itaonekana uamuzi mzuri.

Hatua ya 2: Tazama kabla ya mpira kuanza

Simamisha picha sekunde moja kabla senta hajautoa mpira. Hesabu mabeki wa nyuma walio mbali katikati. Akiwa mmoja, ulinzi kwa kawaida ni wa mtu kwa mtu au wa kanda tatu za nyuma (kila beki analinda eneo, si mtu). Wakiwa wawili, ni kanda mbili au nne za nyuma, na mara nyingi hapo mbio zinakuwa rahisi zaidi kwa sababu kuna mtu mmoja pungufu karibu na mpira.

Mchezaji wa kushambulia akitembea upande mmoja hadi mwingine na beki akamfuata moja kwa moja, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni mtu kwa mtu. Mabeki wakisogea kidogo tu bila kumfuata, ni kanda. Makocha wengi hutumia mwendo huo kama swali kwa ulinzi, na kwotabeki mzuri husikiliza jibu.

Sasa acha picha iende na uangalie mabeki hao hao wawili katika sekunde ya kwanza. Ulinzi wa kisasa, hasa wa makocha wanaofuata njia za kocha wa ulinzi Vic Fangio, husimama wawili juu halafu mmoja akashuka mpira ukianza. Kwotabeki aliyeamua pasi yake kabla ya mpira kuanza atanaswa hapo. Weka alama maalumu kwenye jedwali kila ulinzi unapobadilika hivyo, kwa sababu baada ya mechi nne utakuwa na kundi dogo la majaribio linalokuambia mengi kuhusu kichwa cha kwotabeki wako.

Hatua ya 3: Miguu, macho, mkono

Kila mkimbio wa wapokeaji una hatua zake za kwotabeki. Akisimama mbali na senta, pasi ya haraka inaendana na hatua moja, ya kati na hatua tatu, ndefu na tano. Mguu wa nyuma unapogota mwisho wa hatua, mpira unatakiwa utoke au macho yahamie kwa mtu wa pili. Ukiona anarukaruka mara mbili tatu mahali pamoja huku mtu wa kwanza yuko wazi, tatizo ni la macho, hata kama mkono una nguvu za kutisha.

Mpira mzuri hutoka kabla mpokeaji hajakata kona. Anayesubiri kumwona mtu akiwa wazi ndipo atupe amechelewa kwa ngazi ya kulipwa, maana beki anafika pamoja na mpira. Tazama pia mpira ulipotua: kwenye mkimbio wa kukata kuelekea ndani, mpira ukifika mbele ya kifua mpokeaji anaendelea kukimbia. Ukifika nyuma ya bega anapunguza mwendo na kugongwa. Takwimu zitaandika pasi zote mbili kuwa zimepokewa, wakati moja imeipotezea timu yadi 8.

Pima sekunde kuanzia mpira unapotoka kwa senta hadi unapotoka mkononi. Wastani wa ligi ni kama 2.7 au 2.8. Namba hii peke yake haisemi nani mzuri. Sekunde 2.4 inaweza kuwa ya kwotabeki mwenye akili ya haraka, au ya mwoga anayetupa mpira mfupi kila mara. Iweke pamoja na umbali wa pasi hewani, ambao wastani wake ni kama yadi 8, ndipo utajua uko na nani.

Hatua ya 4: Nani wa kulaumiwa kwotabeki akiangushwa

Hapa ndipo hukumu nyingi huharibika. Mashabiki huwalaumu wazuiaji kila mara, lakini kuangushwa ni sehemu ya tabia ya kwotabeki mwenyewe. Wengine huangushwa sana hata wakihamia timu yenye wazuiaji wazuri.

Anza na saa. Adui akifika chini ya sekunde 2.5 kwa kumshinda mzuiaji wake, lawama ni ya mzuiaji. Ikipita sekunde 3 na kuna mpokeaji aliyekuwa wazi kwenye upande ambao macho yalipaswa kwenda, ni ya kwotabeki. Katikati ya hapo, angalia kama alisogea mbele ndani ya poketi au alirudi nyuma zaidi. Anayerudi nyuma hadi yadi 10 anawapa wavamizi wa pembeni (walinzi wanaomkimbilia kwotabeki) njia fupi ya kumzunguka mzuiaji, na mzuiaji huyo ataonekana mbovu bila kosa lake.

Kisha hesabu watu. Wazuiaji watano wakikabiliwa na wavamizi sita, mmoja lazima apite, na ni kazi ya kwotabeki kujua atakuwa nani na kutupa haraka kwa mpokeaji aliyepangiwa kazi hiyo. Huyo asiyezuiwa akimwangusha, usimwandikie mzuiaji yeyote. Lakini wazuiaji watano wakikabiliwa na wavamizi wanne na bado mmoja akapita bila kuguswa, kuna aliyekosea maelekezo: senta, mkimbiaji aliyebaki kuzuia, au kwotabeki mwenyewe.

Mwisho wa mwezi gawanya idadi ya kuangushwa kwa idadi ya mara alizobanwa. Karibu 20% ni kawaida. Chini ya 15% ni mtu anayejua kutoroka au kuutupa mpira nje. Ikipita 25%, hata uzio wa chuma hautamsaidia.

Hatua ya 5: Pasi zilizonaswa, na zilizopaswa kunaswa

Zipange kwa sababu: alichelewa, hakumwona beki, alitupa vibaya, mpokeaji alikosea mkimbio, mpira uligonga mikono ya mpokeaji ukaruka, au ilikuwa robo ya nne timu ikiwa nyuma na hakukuwa na njia nyingine. Tatu za kwanza ni zake. Zinazobaki mpunguzie.

Halafu ongeza safu ambayo karatasi rasmi ya takwimu haina: pasi zilizogusa mikono ya beki zikaanguka. Kwotabeki mwenye pasi 2 zilizonaswa na 7 zilizoponyoka mabeki ana deni litakalodaiwa. Idadi ya kunaswa huyumba mno msimu hadi msimu, na mechi nne hazitoshi kusema lolote kwa kuitazama peke yake.

Hatua ya 6: Namba, na zinapodanganya

Alama rasmi ya kwotabeki katika NFL imetumika tangu 1973 na inaishia 158.3. Ina sehemu nne: asilimia ya pasi zilizopokewa, yadi kwa pasi, tachidauni kwa pasi, na kunaswa kwa pasi. Kuangushwa hakumo. Kukimbia hakumo. Jaribio la tatu na yadi 8 akapata 7 linamwongezea alama, ingawa timu inalazimika kuutoa mpira kwa teke.

Chukua kwotabeki aliyetupa pasi 35, zikapokewa 24, yadi 280, tachidauni 2, akanaswa 1. Alama yake rasmi ni 99.7. Sasa hesabu yadi halisi kwa pasi: yadi, jumlisha 20 kwa kila tachidauni, toa 45 kwa kila aliyonaswa, toa yadi alizopoteza kwa kuangushwa, kisha gawanya kwa pasi pamoja na mara alizoangushwa. Kama hakuangushwa hata mara moja: 280 + 40 − 45 = 275, gawanya kwa 35, unapata 7.86. Kama aliangushwa mara 4 kwa hasara ya yadi 28: 247 gawanya kwa 39, unapata 6.33. Alama rasmi inabaki 99.7 kwa wote wawili. Mmoja alicheza vizuri sana, mwingine kawaida tu.

Kipimo kinachofuata ni pointi tarajiwa, zinazofupishwa EPA. Kila hali uwanjani ina thamani inayokadiriwa kutokana na maelfu ya mechi: jaribio la kwanza ukiwa yadi 25 upande wako ni karibu pointi 1, yadi 25 upande wa adui ni karibu 4. Tofauti ya kabla na baada ya jaribio ndiyo mchango wa jaribio hilo. Kwa msimu mzima, wastani wa 0.20 kwa kila mara kwotabeki anaporudi kutupa ni daraja la juu. Chini ya sifuri kuna tatizo.

Ongeza kiwango cha mafanikio, kinachozuia pasi moja ya yadi 70 kuficha uozo. Jaribio la kwanza limefaulu likipata 40% ya yadi zinazohitajika, la pili 60%, la tatu na la nne yote.

Namba hizi zote ni za kikosi kizima zikiwa zimevaa jina la mtu mmoja. Josh Allen wa Buffalo Bills alikuwa na asilimia 52.8 ya pasi zilizopokewa mwaka 2018, 58.8 mwaka 2019, halafu 69.2 mwaka 2020, msimu ambao Stefon Diggs alijiunga na timu. Allen mwenyewe alikuwa ameboresha miguu na maamuzi, na wakati huohuo alipata mpokeaji aliyejua kujitenga na mabeki. Atakayekuambia ni kimoja tu kati ya hivyo hajaangalia picha.

Hatua ya 7: Kocha anayeita mbinu

Kwanza jua ni nani anayeita. Andy Reid, Sean McVay na Kyle Shanahan ni makocha wakuu wanaoita wenyewe. Kwingine kazi hiyo ni ya kocha wa mashambulizi. Kisha kumbuka kwamba si kila kilichochezwa kiliitwa. Manning akiwa Indianapolis alijulikana kwa kubadilisha mbinu akiwa tayari amesimama nyuma ya senta. Leo kuna pia mbinu zenye mbio na pasi ndani yake, RPO, ambapo kwotabeki anamsoma beki mmoja wa kati na kuamua papo hapo. Utaitambua kwa wazuiaji: wanazuia kana kwamba ni mbio, huku mpira unatupwa haraka kabla hawajasonga zaidi ya yadi 1 ambayo sheria ya NFL inawaruhusu. Mbio ikikataliwa hapo wakati beki amerudi nyuma, au ikichaguliwa wakati ameshuka kuelekea safu ya mbele, kesi ni ya kwotabeki.

Kupima tabia ya kocha, ondoa majaribio ambayo hali ilimlazimisha. Baki na jaribio la kwanza na la pili, timu ikiwa na nafasi ya kushinda kati ya 20% na 80%, nje ya dakika 2 za mwisho za kila nusu. Humo ndani angalia anapiga pasi mara ngapi. Mbio ya kawaida huleta zaidi kidogo ya yadi 4, wakati kurudi nyuma kutupa, hata ukitoa hasara za kuangushwa, huleta karibu 6. Kocha mwenye kwotabeki mzuri anayekimbiza mpira kila jaribio la kwanza anajitengenezea majaribio ya tatu marefu, halafu anamlaumu kijana kwa kushindwa kuyapata. Ligi nzima hufaulu kama 40% tu ya majaribio ya tatu.

Kuna hoja inayorudiwa kila wiki studioni kwamba lazima ukimbize mpira kwanza ndipo pasi ya kuigiza mbio ifanye kazi. Data haiiungi mkono: pasi hizo hufaulu karibu sawa, timu ikiwa na mbio nzuri au mbovu. Beki wa kati husoma mzuiaji wa mbele yake, na mzuiaji akitoka chini kama anayezuia mbio, beki anapiga hatua mbili mbele bila kuuliza takwimu.

Tenganisha majaribio 15 ya mwanzo na yanayofuata. Bill Walsh wa San Francisco 49ers ndiye aliyeipa umaarufu desturi ya kuandika mapema mbinu za mwanzo wa mechi, na leo makocha wengi wanafanya hivyo. Timu inayotamba kwenye hayo 15 kisha ikakauka ina kocha mzuri wa Jumatano na mdhaifu wa Jumapili: anajua kupanga, hajui kujibu ulinzi unapobadilika. Linganisha nusu ya pili ya mechi nne kabla hujamhukumu.

Chunguza dalili zinazomwuza. Kwenye jedwali chuja kwa wachezaji waliopo na mahali kwotabeki alipokuwa amesimama. Kama akiwa nyuma tu ya senta na kundi la 12 (mkimbiaji mmoja, taiti-endi wawili) likiwa uwanjani wanakimbia mara 8 kati ya 10, ulinzi wa upande wa pili una jedwali hilohilo na wafanyakazi wanaolipwa kulijaza. Kocha mzuri huonyesha umbo lilelile, mwendo uleule, na kutoa mbio, pasi fupi na pasi ndefu kutoka humo.

Usisahau saa. Baina ya jaribio na jaribio kuna sekunde 40 kwa kawaida, na redio iliyo ndani ya kofia ya kwotabeki hukatwa zikibaki 15. Angalia saa ndogo ya skrini timu inapovunja kikao cha kupeana mbinu. Ikivunja kwa sekunde 18, kwotabeki ana muda wa kusoma ulinzi na kubadilisha mbinu. Ikivunja kwa 8, anakimbilia tu kuwahi. Mapumziko ya timu ya kusimamisha saa yanayochomwa robo ya kwanza kwa kuchelewa na adhabu za kuchelewesha mchezo ni mzigo wa kocha kwanza.

Jaribio la nne na yadi 1 hufaulu takribani mara mbili kati ya tatu. Anayepiga teke kila mara katikati ya uwanja anatoa zawadi, na iandikwe kwa jina la kocha mkuu, kwa kuwa uamuzi huo ni wake hata pale ambapo mwingine anaita mbinu.

Hatua ya 8: Jaribu macho yako kwa mechi mbili

Super Bowl ya 49, Februari 1, 2015. Seattle Seahawks wako nyuma 28–24 dhidi ya New England Patriots, jaribio la pili, yadi 1, sekunde 26, pumziko moja limebaki. Wanatupa pasi, beki wa Patriots Malcolm Butler anainasa, mechi imekwisha. Dunia nzima ikauliza kwa nini mkimbiaji Marshawn Lynch hakupewa mpira.

Piga hesabu. Ukikimbia na kuzuiwa, unatumia pumziko. Ukikimbia tena na kuzuiwa, saa inatembea na huenda usipate jaribio la nne. Pasi isiyopokewa inasimamisha saa, kwa hiyo ili utumie majaribio yote matatu, moja linapaswa kuwa pasi, na la pili linafaa. Uamuzi wa kutupa: +1 au 0. Kinachojadilika ni aina ya pasi, kukata ndani penye msongamano. Tazama wapokeaji wa kulia: Jermaine Kearse yuko mbele, Ricardo Lockette nyuma yake. Kazi ya Kearse ni kumziba njia beki. Beki Brandon Browner anamgota papo hapo asisogee hata hatua, na Butler anapita bila kizuizi. Mbinu ilifia hapo, kabla mpira haujatoka mkononi mwa kwotabeki Russell Wilson. Sifa nyingi ziende kwa ulinzi.

Super Bowl ya 51, Februari 5, 2017, ni kesi nyingine kabisa. Atlanta Falcons waliongoza 28–3, na sasa ni 28–20. Mpokeaji wao Julio Jones amedaka pasi ya yadi 27, mpira uko yadi 22 ya Patriots, zimebaki dakika 4 na sekunde 40. Teke la kama yadi 40 linafanya iwe 31–20, pengo ambalo Patriots wangelazimika kufunga mara mbili kulifuta. Mbio ya kwanza inapoteza yadi 1. Halafu inaitwa pasi, kwotabeki Matt Ryan anaangushwa na Trey Flowers kwa hasara ya yadi 12. Adhabu ya kushika inawarudisha yadi 10 nyingine. Teke la pointi 3 limepotea, wanautoa mpira, Patriots wanakwenda yadi 91 kusawazisha na kushinda 34–28 katika muda wa nyongeza.

Hapa -1 ya uamuzi ni ya aliyeita, Kyle Shanahan, wakati huo kocha wa mashambulizi wa Falcons, maana pasi ya kurudi nyuma ilihatarisha kitu pekee kilichohitajika. Lakini Ryan naye ana sehemu yake: kwotabeki aliye ndani ya umbali wa teke anatakiwa kuutupa mpira nje mara tu poketi inapovunjika. Wazuiaji wanabeba kilichobaki. Muda mfupi kabla, jaribio la tatu na yadi 1, Ryan alipokonywa mpira na Dont'a Hightower baada ya mkimbiaji Devonta Freeman kukosa kumzuia. Hapo lawama kubwa ni ya Freeman, na kidogo ya mbinu.

Hatua ya 9: Andika hukumu

Mechi nne zinakupa kama mara 130 hadi 150 za kurudi nyuma kutupa, kiwango cha chini cha kusema jambo kuhusu usahihi na maamuzi. Zisiwe zote dhidi ya ulinzi dhaifu, na weka pembeni mechi za upepo mkali. Hukumu ya kwotabeki na ya kocha ziandikwe katika aya mbili tofauti, kila moja ikiwa na namba moja kutoka kwenye data na hesabu moja kutoka kwenye jedwali lako. Kwa mfano: «Uamuzi -1 mara 11 kati ya 142, nane kati ya hizo ulinzi ulikuwa umebadilika kutoka wawili juu kwenda mmoja. Akibanwa anaangushwa 14%. Tatizo ni kusoma, si woga.» Na kwa kocha: «Jaribio la kwanza kwenye hali ya kawaida amekimbia 61%, akapata mafanikio 34%. Timu imevunja kikao chini ya sekunde 10 mara 19.»

Senta akiumia, mzuiaji wa pembeni akibadilishwa au kocha wa mashambulizi akifukuzwa katikati ya msimu, fungua jedwali jipya kuanzia wiki hiyo na usilijumlishe na la zamani.